Akiba Kwanza au Mkopo Kwanza? Habari Kutoka Vijiji vya Indonesia

Swali ambalo vikundi hutuuliza kila tunapovitembelea ni hili: tutapata wapi mkopo wa riba nafuu? Ni mara chache sana tunaulizwa, tutaweka wapi pesa zetu zikae salama? Kwa hivyo tumeonelea tueleze habari za Indonesia, nchi ambayo imejaribu njia zote mbili, tena kwa mamilioni ya watu.

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000 huko kusini-mashariki mwa Asia. Katika kila wafanyakazi kumi, karibu sita hawana mwajiri wa kuwaandika. Ni mama anayeuza wali na mboga katika kibanda wanachokiita warung, kijana wa pikipiki za abiria, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, mvuvi, mkulima mwenye kishamba cha mpunga. Sisi tungewaita watu wa jua kali. Hawana hati ya mshahara ya kuonyesha benki, na wengi shamba lao halina karatasi.

Sasa, msifikirie watu hao walikaa tu wakingoja benki. Tangu zamani wana arisan, ambayo ni ule ule mzunguko mnaoujua. Majirani hukutana, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, majina yanaandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa katika glasi, inatikiswa, na jina litakalotoka ndilo la siku hiyo. Chakula hakikosi, na umbea pia haukosi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Clifford Geertz, aliandika juu ya arisan mwaka 1962 baada ya kukaa mashariki ya kisiwa cha Java, na aliiona kama ngazi ya katikati kati ya maisha ya zamani na biashara ya kisasa.

Lakini arisan ina mpaka wake. Kura haijui shida. Mama anaweza kupata pesa mwezi ambao hana haja nazo, na mwezi wa kununua mbolea akakosa. Tena pesa hazikai: zinaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wengi walikwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, ambao hupita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani.

Serikali ikaona isaidie. Karibu mwaka 1970, Benki ya Rakyat Indonesia, ambayo watu huiita BRI, ilianza kufungua ofisi ndogo vijijini ili kuwakopesha wakulima wa mpunga. Mpango wenyewe uliitwa BIMAS. Mkulima alipewa mbegu, mbolea, dawa na pesa kidogo kwa riba ya chini, asilimia 12 kwa mwaka. Jambo zuri, si ndiyo? Basi tazameni hesabu. Benki hiyo hiyo ilikuwa inawalipa wanaoweka akiba asilimia 15. Yaani kila mwanakijiji aliyeleta akiba alikuwa anaitia benki hasara! Kwa hivyo ofisi hazikuwa na sababu ya kutafuta akiba. Na wakulima nao waliona pesa hizo kuwa za serikali, siyo za mtu. Wengine walilipa, wengi wakaacha. Kufikia mwaka 1983 mpango ulikuwa hoi, nazo ofisi zilikuwa zaidi ya 3,000. Wakubwa walikuwa na njia mbili: kuzifunga, au kuanza upya.

Walianza upya mwaka 1984. Mkopo mpya uliitwa Kupedes, na ulitolewa kwa biashara yoyote, siyo mpunga peke yake. Ofisi ilibaki ndogo, watu wanne hivi: msimamizi, karani wa vitabu, wa kupokea pesa, na afisa wa mikopo aliyekwenda kuona kibanda kwa macho yake. Kila ofisi ilihesabiwa faida na hasara yake peke yake. Aliyelipa kwa wakati alirudishiwa sehemu ya riba, na safari ya pili alipewa mkopo mkubwa zaidi.

Riba ilipanda. Hapa tukae kidogo, maana jambo hili linahusu hata vitabu vya vikundi vyetu. Aliyelipa vizuri alitozwa asilimia 1.5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo. Wacha tuseme umekopa rupia 1,000,000 kwa miezi 12. Kila mwezi unalipa riba 15,000, kwa mwaka 180,000. Ati hiyo ni asilimia 18? Hapana. Deni lako linapungua kila mwezi lakini riba haipungui. Ukigawanya vizuri, kwa wastani ulikuwa na kama nusu tu ya ile milioni mkononi. Riba ya kweli ni zaidi ya 30 kwa mwaka. Mweka hazina yeyote anayetoza "asilimia ndogo tu kwa mwezi" aifanye hesabu hii mbele ya wanachama.

Na bado watu walikopa, na walilipa. Kwa mchuuzi anayezungusha bidhaa kila juma, la maana lilikuwa kupata pesa karibu na nyumbani, siku anayozitaka, na kujua kwamba mwakani zitakuwepo tena. Mkopeshaji wa mitaani alimtoza zaidi ya hiyo.

Ila sisi tunaona jambo kubwa halikuwa mkopo, lilikuwa akiba. Zamani wakubwa walisema mwanakijiji hawezi kuweka akiba. Kumbe alikuwa anaweka: dhahabu ya masikio, mbuzi, mchele ghalani, pesa chini ya godoro. Akaunti ya zamani ilimruhusu kutoa pesa mara mbili tu kwa mwezi, na nani mwenye mtoto mgonjwa atangoja? Akaunti mpya, Simpedes, ilimruhusu kutoa siku yoyote, na ilikuwa na bahati nasibu ya zawadi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, akiba za wanavijiji zilikuwa zimezidi mikopo yote iliyotolewa na ofisi hizo. Walikuwa wanakopeshana pesa zao wenyewe.

Mtihani ulikuja mwaka 1997. Pesa ya Indonesia ilianguka: kutoka rupia kama 2,400 kwa dola moja hadi kupita 15,000 katika siku mbaya za mwaka 1998. Benki 16 zilifungwa siku moja, tarehe 1 Novemba 1997. Matajiri wa makampuni walishindwa kulipa. Lakini katika zile ofisi za vijijini, wenye vibanda waliendelea kulipa karibu kama kawaida, na akiba ziliongezeka. Watu walijua benki ni ya serikali, na hakuna aliyetaka kupoteza mlango wake wa mkopo wakati wa shida.

Je, wote walifikiwa? La. Benki iliwataka wenye biashara inayotembea tayari, na mara nyingi dhamana. Akina mama wengi waliachwa nje. Sheria ya ndoa ya mwaka 1974 inasema mume ndiye kichwa cha familia, kwa hivyo mjane au aliyeachwa bila karatasi hahesabiwi kuwa mwenye nyumba, hata kama ndiye anayelisha watoto. Kwa ajili yao shirika la PEKKA lilianza kazi mwaka 2001. Wanaanza na kikundi cha akiba, kidogo kidogo, kisha wanasaidiana kutafuta vyeti vya ndoa, talaka na kuzaliwa. Cheti ni mtaji pia.

Serikali nayo imerudia mkopo nafuu. Mpango unaitwa KUR, ulianza mwaka 2007, na tangu 2015 hazina ya taifa hulipa sehemu ya riba. Umewafikia wengi, lakini tukikumbuka BIMAS tunauangalia kwa jicho moja wazi. Swali ni kama mkopaji anajua pesa hiyo ni ya nani.

Jambo la mwisho ni ajali. Mfanyakazi asiye na mwajiri anaweza kujiunga mwenyewe na mfuko wa taifa, BPJS Ketenagakerjaan. Kiwango cha chini kilichowekwa ni rupia 16,800 kwa mwezi, kwa ajali za kazini na kifo, na kwa kifo familia hupewa rupia milioni 42. Wengi bado hawamo, maana mwenye kipato cha siku huona mchango wa mwezi kuwa mbali, akikosa mwezi mmoja anakata tamaa. Sasa kuna mawakala wanaozunguka sokoni na vijijini kuandikisha watu na kuwakumbusha siku ya kulipa, wakipita njia zile zile za mwenye daftari kwapani.