Kuchagua Chombo cha Tanga

Mtu atakaye kununua chombo cha tanga huanza kwa kuuliza bei, kisha urefu wake, kisha umri wake. Maswali hayo ni ya haki, lakini liko lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: chombo hiki kitapita katika maji gani? Fedha za kununulia aghalabu ni akiba ya miaka mingi, pengine ya ndugu watatu au wanne waliochanga, tena roho za watu zitakuwa ndani yake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu kidogo.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye ndubi mbili zinazoelea kandokando ili lisipinduke. Haizami sana majini, na watu wachache waweza kuivuta mchangani. Kwa uvuvi wa ndani ya miamba haina mfano. Lakini haina sitaha, na ubavu wake ni mfupi. Likija wimbi la bahari kuu, maji huingia upesi kuliko mtu awezavyo kuyafua.

Mashua hujengwa kwa mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, nayo ina mkuku chini. Hiyo yafaa kwa safari za pwani pwani. Hapa mnunuzi na aangalie sana kina cha mkuku. Katika bandari ya Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka futi 10 hivi, na katika mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, vyombo vikubwa hungoja maji yajae ndipo vipite. Chombo chenye mkuku mrefu kikikutwa na maji kupwa hulala ubavu, kisipotiwa magadi ya kukitegemeza. Mtu wa visiwa vya Lamu anayebeba mawe, makuti na abiria kila siku hana haja ya chombo kama hicho, hata akiuziwa kwa bei rahisi.

Lakini mambo hugeuka mtu akitaka kutoka nje ya miamba. Mwezi wa Juni kusi huvuma kwa nguvu, na mkondo wa maji nao huelekea kaskazini. Chombo kitokacho Mombasa kwenda Lamu, safari ya maili 130 hivi za bahari, husaidiwa na vyote viwili, na baharia mgeni hujiona hodari. Taabu iko katika kurudi. Ndiyo sababu wazee walisafiri kwa misimu, wakingoja kaskazi, ambayo huanza yapata Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Machi. Asiyeweza kungoja lazima abishe, na chombo chepesi kisicho na mkuku wa kutosha kikibisha husukumwa kando kuliko kiendavyo mbele.

Kwa kazi hiyo jahazi ni bora: ubavu mrefu, mwili mzito, na farumi ya kutosha chini wakati lisipokuwa na shehena. Hata hivyo lataka watu. Kwa kuligeuza, kwa kawaida huzungushwa upepo ukiwa tezini, na foromali huvushwa mbele ya mlingoti hata upande wa pili. Watu wawili wakifanya kazi hiyo usiku katika mawimbi, twaona ni kujitafutia hatari.

Mabumu ya Waarabu yaliyovuka bahari kuu yalikuwa yamechongoka tezi na omo, na wimbi la nyuma liliweza kugawanyika. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika bumu la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaja nalo mpaka Unguja na delta ya Rufiji.

Siku hizi vyombo vingi hutiwa mashine. Ni msaada mkubwa, lakini mashine huweza kuzimika, wala haiponyi mbao zilizooza. Basi kabla ya kulipa, lete fundi asiye ndugu wa muuzaji. Apige mbao kwa nyundo ndogo asikie mlio wake, aangalie kutu kando ya misumari, apime kalafati kwa ncha ya kisu, na atazame chini kama wako wadudu watoboao mbao. Rangi mpya isimdanganye. Twajua vyombo vilivyopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa. Uliza pia hati ya ukaguzi, maana katika Kenya vyombo vidogo hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari, na uhesabu maboya ya kuvaa kama yatosha watu wote.

Mwisho, omba kusafiri nacho siku ya upepo, si siku ya shwari, kikiwa kimepakiwa shehena. Keti karibu na ngama, uhesabu maji yatafuliwa mara ngapi kabla hamjarudi bandarini.