Nilihama Njombe na Mbegu Yangu

Wakulima wenzangu, nimeishi Njombe na sasa nipo Dodoma, na kila mtu ananiuliza wapi kuzuri. Njombe baridi yake siyo mchezo. Mwezi wa saba asubuhi unaweza kukuta sakitu nyeupe juu ya majani. Mahindi kule yanakaa shambani miezi sita na zaidi, na mvua ya kuanzia Novemba inayatosha.

Nilipohamia huku nikabeba mbegu ileile ya muda mrefu. Nikapanda Desemba. Yalistawi kweli, majirani wakasifia! Februari mvua ikakata, na mahindi bado hayajatoa hata mbelewele. Sikupata hata debe moja, tena mimi bwana shamba. Mama jirani, mwenye mtama na uwele, ndiye aliyeniletea unga. Hakusema kitu, ila nilijua anacheka.

Wewe unayehamia Dodoma, au una ndugu anayekutumia mbegu kutoka nyanda za juu, soma kwanza pakiti: siku za kukomaa na mwinuko. Ukitaka mahindi huku, tafuta ya siku 90 hivi, na eneo kubwa weka mtama.