BINTI AMEITWA MJINI KUSAILIWA KAZI YA KUBUNI MAVAZI: AENDE NA NINI?



Kijijini kwetu yupo binti mmoja, fundi wa cherehani. Amenipa ruhusa kusimulia habari zake, ila ameniomba nilifiche jina lake. Mwaka jana aliitwa mjini kusailiwa katika karakana moja ya mavazi. Walitaka mtu wa kubuni mitindo, si wa kushona tu. Nyumbani kwao ilikuwa furaha kubwa. Baba yake aliuza mbuzi jike apate nauli, mama yake akamfungia chakula cha njiani, shangazi yake akamwazima viatu. Nami nikamwandikia barua ya utambulisho, nikapiga mhuri, nikamtakia safari njema.

Siku ya tatu akarudi. Hakusalimu mtu. Alipita nyuma ya nyumba akaingia ndani, na mama yake akajua.

Baada ya wiki moja alikuja ofisini akanieleza yaliyompata. Alikuwa amechukua faili lenye picha 20 za magauni mazuri sana. Picha hizo alizipata katika simu, akaenda kuzichapisha dukani. Bibi mmoja aliyekuwa akisaili alifunua ukurasa wa kwanza, akauliza, “Gauni hili ni la kitambaa gani?” Binti kimya. “Mkono huu umekatwaje?” Kimya. “Umelishona wewe?” Akajibu, “Hapana, mama.” Yule bibi akafunga faili polepole, akasema, “Mwanangu, hapa naona kazi za watu wengine. Kazi yako iko wapi?”

Nikamwuliza swali lile lile: “Na kweli, mdogo wangu, kazi yako iko wapi?”

Akasema, “Ipo nyumbani, Mwalimu. Lakini ni nguo za kijijini tu.”

Nguo zenyewe ni zipi? Ni sare za kwaya, watu 24, wanene na wembamba, wote wakapendeza kwa kitambaa kimoja. Tena kuna gauni la bibi yake. Bibi huyo ana baridi yabisi ya mabega, hawezi kuinua mikono avae gauni kwa kichwani. Basi mjukuu wake akambunia gauni linalofunguka mbele lote, lenye vifungo vikubwa na mikono mipana. Siku hizi kila mwanamke mzee jirani anataka la namna ile.

Hapo nikaliona kosa letu. Nasema letu, maana mimi niliyempigia mhuri sikumwuliza amebeba nini. Binti aliacha mali yake nyumbani kwa aibu, akaenda na mali ya wenyewe.

KUBUNI MAVAZI NI KAZI GANI?

Watu wengi hudhani kwamba mbunifu ni mtu wa kuchora picha za kupendeza. Sivyo. Mbunifu ni mtu anayetazama mwili wa mtu, kazi zake, hali ya hewa na mfuko wake wa fedha, kisha akatafuta vazi litakalomfaa na kumpendeza. Kuchora ni njia yake ya kulieleza wazo lake kwa mkataji na mshonaji. Gauni la bibi yule ni ubunifu kamili: palikuwa na shida, pakafikiriwa, pakapatikana jawabu, na jawabu likavaliwa.

Waliosifiwa duniani kwa kazi hii walianzaje? Cristóbal Balenciaga alizaliwa mwaka 1895 huko Getaria, mji mdogo wa wavuvi nchini Hispania. Mama yake alikuwa mshonaji, na mtoto akajifunza sindano kwake. Mwaka 1937 alifungua nyumba ya mavazi mjini Paris, na hata wabunifu wenzake walimheshimu kwa kuwa alijua kuchora, kukata na kushona kwa mikono yake mwenyewe.

Huenda mtu akauliza: Je, wote walianza na sindano? La. Christian Dior alianza kwa kuuza michoro katika miaka ya 1930. Lakini kabla ya kufungua nyumba yake mwishoni mwa 1946 alifanya kazi chini ya mabwana wawili, Robert Piguet na Lucien Lelong, akajifunza namna mchoro unavyogeuka kuwa nguo. Basi mlango wa kuingilia waweza kuwa sindano au penseli, lakini njia yote sharti uijue. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msaili anataka kujua kama wewe u muundaji, au u mtazamaji tu uliyesimama pwani.

JALADA LA KAZI

Kitu cha kwanza cha kuandaa ni jalada la kazi zako. Huenda mtu akasema, “Kizuri chajiuza.” Ni kweli, lakini kizuri kilichofungwa sandukuni kitajiuza kwa nani? Chagua kazi 8 mpaka 12, zote zako. Kazi chache zilizo safi zapita nyingi zilizochanganyika. Iliyo bora sana iweke mwanzo, na inayoifuata iweke mwisho, maana hizo ndizo zinazokumbukwa.

Kwa kila kazi weka mambo haya:

1. Mchoro wa vazi likiwa limevaliwa, hata ukiwa wa penseli.

2. Mchoro wa vazi peke yake, mbele na nyuma, unaoonyesha mishono, mifuko, vifungo na zipu, pamoja na vipimo vya kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa sentimita. Mchoro huu ndio anaoutumia mkataji.

3. Kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, ili msaili akiguse.

4. Picha ya mtu aliyelivaa. Simu ya jirani yatosha, ila mpige mchana, mbele ya ukuta mtupu.

5. Maneno mawili matatu: vazi lilikuwa la nani, shida ilikuwa nini, nawe ulifanya nini.

Tena usiogope kuweka kazi moja iliyokushinda mara ya kwanza, ukaonyesha ulivyoirekebisha. Wabunifu wakubwa hushona kwanza nguo ya kujaribia kwa kitambaa rahisi cha pamba, wakakosea humo kabla ya kukata kitambaa cha bei. Hapa kwetu amerikani yafaa sana kwa kazi hiyo. Aliyekwisha kosea na kusahihisha ni mtu wa kuaminiwa na mkasi.

Na ukiwa umeiga mtindo wa mtu, sema wazi kwamba umeiga, kisha eleza ulichogeuza. Uongo wa jalada hauna miguu. Swali moja tu huuangusha.

MASWALI YATAKAYOULIZWA

Swali la kwanza huwa ni “Tueleze habari zako.” Hapo hawataki ukoo wako wote. Waeleze ulijifunza wapi, iwe ni chuo cha VETA, chuo cha masista au kwa fundi wa barazani, umefanya nini, na wapenda kushona mavazi ya namna gani. Dakika 2 zatosha.

Kisha yatakuja maswali ya vitambaa. Yakupasa ujue kwamba pamba hunywa jasho lakini yaweza kurudi ikifuliwa, ndiyo maana mafundi wenye busara huifua kabla ya kuikata. Ujue kwamba poliesta haikunjamani upesi, lakini pasi yenye moto mkali huiyeyusha. Ukitaka kuvitambua, choma uzi mmoja kwa uangalifu: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu, sufu hunuka kama nywele zilizoungua.

Waweza kuulizwa habari za nguo zetu wenyewe. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiikata ovyo, jina linakatika katikati na pindo linapotea kwenye mshono. Je, pindo utaliweka wapi? Kitenge nacho chaweza kuwa na ndege au maua yanayotazama upande mmoja. Fundi asiyeangalia humshonea mteja ndege walioning'inia miguu juu. Fikiri majibu haya ukiwa nyumbani, na khanga mkononi.

Mwisho ni hesabu. Kitenge cha yadi 6 ni kama mita 5.5. Ikiwa gauni moja lachukua mita 2.5, utapata magauni mawili na nusu mita itabaki. Nusu mita hiyo utaifanyia nini? Kilemba? Mifuko? Karakana haiishi kwa uzuri peke yake. Mbunifu anayepanga vipande vyake vizuri akaokoa sentimita 10 katika kila gauni, kwenye magauni 200 ameokoa mita 20 za kitambaa. Kijana anayeweza kulisema hilo, na kulionyesha kwa karatasi, atasikilizwa.

IJUE NYUMBA UNAYOKWENDA

Usiende kuomba kazi mahali usipopajua. Wanashona nini pale: sare za shule, magauni ya harusi, au mashati ya kuwauzia watalii? Ukiweza, ingia katika duka lao, geuza nguo ndani, tazama mishono, bitana na bei. Halafu ubuni mavazi mawili yanayowafaa wateja wao hasa, uyatie katika jalada. Msaili akiyaona atajua kwamba hukuja kubahatisha.

SIKU YENYEWE

Fika mjini jana yake, ulale kwa ndugu anayejulikana na wazazi wako. Vaa nguo uliyoibuni na kuishona mwenyewe, safi, ya heshima, iliyopigwa pasi, na nyuzi zake zimekatwa. Nguo hiyo itasailiwa kabla yako. Chukua futi kamba, mkasi, chaki na penseli, maana karakana nyingi humpa mwombaji kitambaa wakasema, “Haya, kata kola tuone.” Salimu kwa adabu. Usilolijua sema hulijui, ila uko tayari kujifunza.

Nawe una haki ya kuuliza: saa za kazi ni ngapi, mshahara ni kiasi gani, majaribio ni ya muda gani, na michoro nitakayoichora nikiwa hapa itakuwa mali ya nani? Kuuliza kwa upole si utovu wa adabu.

Jihadharini na mambo mawili. Kwanza, mtu akidai fedha ili akusaili au akupe kazi, ondoka. Mwajiri wa haki hana biashara hiyo. Pili, usiache michoro yako ya asili. Wakitaka kubaki na kitu, waachie nakala yenye jina lako na tarehe. Yupo anayeita vijana kumi, akabaki na michoro kumi, asiajiri hata mmoja.

NENO KWA WAZAZI

Ninyi wazazi mna kazi yenu. Msiugawanye mshahara ambao haujapatikana. Mzigo huo humlemea mtoto kuliko sanduku lake. Badala yake, jioni baada ya chakula, mwekeni mbele yenu na jalada lake. Baba na aulize, mama aulize, hata mdogo wake aulize, “Kwa nini mfuko huu uko hapa?” Akiweza kulifahamisha jambo hilo kwa mtoto wa darasa la tatu, ataweza kulifahamisha kwa msaili.

Hivyo ndivyo walivyofanya wale jirani zetu. Miezi michache baadaye binti aliitwa na karakana nyingine. Safari hii hakuwa na picha hata moja ya simu isiyokuwa yake. Alichukua sare ya kwaya, michoro 9, na gauni la bibi yake limekunjwa ndani ya khanga. Msaili alilishika, akafungua kifungo kimoja, akafunga, akauliza, “Mbona vifungo ni vikubwa hivi?”

Akajibu, “Kwa sababu vidole vya bibi yangu haviwezi tena kushika vidogo. Vikubwa anavifunga mwenyewe, hamwiti mtu.”

Wakamwuliza mengi baada ya hapo, na yote aliyajua, maana yote aliyafanya. Hivi ninavyoandika yumo katika miezi mitatu ya majaribio; mwisho wake hatuujui bado. Baba yake angali anamlilia mbuzi wake, lakini sasa anamlilia huku anacheka.

Basi, enyi vijana, kabla ya kutafuta kazi za wengine katika simu, fungueni kwanza masanduku ya nyumbani kwenu. Nguo mliyomshonea bibi yenu yaweza kuwa ndiyo barua ya utambulisho iliyo bora kuliko niliyoiandika mimi.