Kambi ya Watoto Kando ya Ziwa na Hatari ya Kichocho

Watoto wanapopiga kambi kando ya Ziwa Victoria, jambo la kwanza wanalolitamani ni kuoga ziwani. Mlezi huwachunga wasizame, na ni wajibu wake. Lakini katika maji yaliyotulia, yenye magugu na konokono, huweza kuwamo adui asiyeonekana kwa urahisi, yaani kichocho.

Minyoo ya ugonjwa huu iligunduliwa mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, mjini Cairo. Mayai yake hutoka katika choo cha mgonjwa, na kwa aina nyingine katika mkojo. Yakifika majini huanguliwa. Viluwiluwi huingia katika konokono na humo huongezeka kwa muda wa wiki kadhaa. Vinapotoka hupenya ngozi ya mtu katika dakika chache, hata kama haina jeraha. Navyo hutoka zaidi wakati wa jua kali, saa zile zile wapendazo watoto kuogelea.

Basi maji ya kuoga na yachotwe, yahifadhiwe katika mapipa yenye vifuniko kwa siku 2 kamili, kwani viluwiluwi visivyopata mwili wa kuingia hufa. Ya kunywa ni shauri jingine: hayo hayana budi kuchemshwa. Vyoo vichimbwe mbali na ufuko kabla watoto hawajawasili; kazi hii haingoji siku ya pili.

Mtoto aliyekwisha kuoga ziwani apimwe baada ya wiki 6 hadi 8, hata akionekana mzima. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haiwezi vema ile michanga.