Uwindaji na Uvuvi katika Makimbilio ya Wanyamapori ya Marekani

Makimbilio ya taifa ya wanyamapori nchini Marekani yalianza mwaka 1903, Rais Theodore Roosevelt alipokitenga kisiwa cha Pelican, Florida, ili ndege wasiendelee kuuawa kwa sababu ya manyoya ya kupambia kofia. Leo yapo zaidi ya 560, na katika mengi yao watu huruhusiwa kuwinda na kuvua. Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hilo laweza kuonekana kinyume cha uhifadhi. Kwa Mtanzania si geni: mapori ya akiba hupokea wawindaji wenye vibali, hifadhi za taifa hazipokei.

Kanuni ya msingi ni kwamba kimbilio limefungwa mpaka lifunguliwe. Sheria ya 1997 inautaja uwindaji na uvuvi miongoni mwa matumizi sita yenye kipaumbele, ila ni sharti kwanza ithibitike kuwa haviharibu kusudi la kimbilio husika. Ndiyo maana kimbilio moja huruhusu kulungu na kukataza bata, na jingine hulifunga bwawa kwa wavuvi wakati ndege wanapoatamia. Alaska mambo yamegeuzwa: chini ya sheria ya 1980 makimbilio huwa wazi hadi yafungwe, na wakazi wa vijijini wanaoishi kwa mawindo hutangulizwa.

Kimbilio ni mali ya serikali ya shirikisho, lakini leseni ni ya jimbo. Misimu na idadi ya mawindo hufuata jimbo pia, na kimbilio laweza kuongeza masharti yake. Mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hununua vilevile stempu ya shirikisho, iliyoanza mwaka 1934 na ambayo sasa huuzwa kwa dola 25. Senti 98 za kila dola hutumika kupata ardhi oevu, kwa hiyo sehemu ya makimbilio imelipiwa na wawindaji wenyewe.

Kuwavuta bata kwa nafaka iliyomwagwa ni kosa. Tangu 1991 marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi kwa ndege wa majini popote nchini: bata huyameza akidhani ni changarawe, firigisi huyasaga, sumu huingia damuni, na tai amlaye bata huyo hudhurika naye. Chubwi za wavuvi za madini hayohayo huua ndege kwa njia hiyohiyo, lakini hazina katazo la nchi nzima. Huzuiwa na baadhi ya majimbo na makimbilio tu.