Kijidudu cha tumboni kisitusahaulishe moyo

Leo nina deni la kulipa. Mdai wangu ni mjomba, mzee wa miaka 64 ambaye mkono wake wa kulia hauwezi tena kuinua kikombe cha chai.

Mwaka jana mjomba alipimwa akaambiwa kwamba tumboni mwake mna kijidudu kiitwacho helikobakta pailori. Nami, kwa pupa ya kuonyesha ujuzi, nikamsimulia habari niliyokuwa nimeisoma juujuu, kwamba kijidudu hicho ndicho pia kinachoharibu mishipa ya moyo. Mzee alimeza dawa zake kwa siku 14, kiungulia kikatulia, naye akajitangaza mzima wa tumbo na moyo. Tembe za shinikizo la damu alizozitumia kwa miaka mingi akazitia kabatini. Kiharusi kilimkuta shambani kabla ya miezi mitatu kupita.

Tangu hapo nimejilazimisha kusoma jambo hili kwa utulivu, na haya ndiyo niliyopaswa kumweleza.

Kwamba kijidudu hiki huleta vidonda vya tumbo si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Perth, Australia, alikunywa mchanganyiko uliojaa vijidudu hivyo, akaugua tumbo, na hivyo kuwanyamazisha wengi waliomcheka. Mwaka 2005 yeye na mwenziwe Robin Warren walitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Aidha, tangu 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamekihesabu miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo.

Mwaka huo huo wa 1994, watafiti wa London walieleza kwamba kati ya wagonjwa wa moyo waliowapima, 59 katika kila 100 walikuwa na dalili za kuambukizwa, ilhali miongoni mwa wasiougua moyo walikuwa 39. Baadaye tafiti kadhaa zikaonyesha kwamba walioambukizwa aghalabu huwa na upungufu kidogo wa lehemu njema, yaani ile kolesteroli inayosaidia kuondoa mafuta mishipani. Nyingine hazikuona tofauti yoyote.

Lakini mambo mawili kufuatana si hoja kwamba moja limezaa jingine. Kijidudu hiki aghalabu huambukizwa utotoni, katika nyumba zenye msongamano na uhaba wa maji safi. Mtoto wa nyumba hiyo akikua, huenda dhiki ikaendelea kumwandama: lishe duni, sigara, na shinikizo la damu lisilopimwa. Yamkini basi maradhi ya tumbo na ya moyo ni watoto wa mama mmoja, naye ni umaskini.

Isitoshe, mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makubwa, kila moja likiwa na wagonjwa wa moyo zaidi ya 4,000. Walipewa dawa za kuua bakteria wa aina nyingine aliyeshukiwa vivyo hivyo kuharibu mishipa. Dawa hizo hazikuwakinga na mshtuko wa moyo. Shaka, hata ikiwa na mantiki nzuri kiasi gani, si tiba.

Hata hivyo, tumbo na moyo hukutana mahali pawili ambapo kila mmoja wetu anapaswa kupajua. Kwanza, wapo wagonjwa wa moyo wanaomeza aspirini kila siku, na dawa hiyo huweza kuvujisha damu tumboni. Utafiti wa Uingereza uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba wazee wanaoitumia, wakitibiwa kijidudu hiki, hupungukiwa na hatari hiyo kwa miaka michache ya mwanzo. Pili, mshtuko wa moyo huweza kuanza kama maumivu ya chembe cha moyo, mtu akadhani ni vidonda vyake vya kawaida, akanywa maziwa na kulala. Maumivu yakiandamana na jasho jembamba, pumzi kukatika, au kuenea mkononi na tayani, usingoje kupambazuke. Kimbilia hospitali.

Kwa hiyo atakayekutwa na kijidudu na atibiwe, amalize dawa zote. Lakini dawa hizo ni za tumbo. Moyo una madai yake: chumvi na mafuta yapunguzwe, sigara iachwe, shinikizo la damu lipimwe, na tembe zisikatizwe bila idhini ya daktari.

Juzi nilimtembelea mjomba. Alizichukua tembe zake kwa mkono wa kushoto, akanitazama, akasema, "Mpwa wangu, siku nyingine ukisoma habari njema, isome mpaka mwisho." Sikuwa na la kujibu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, nami ndimi niliyemtandikia mzee msala huo.