Noti Ikikatwa Mapema (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona kwamba mtetemo ukienda kasi sauti hupanda, ukienda polepole sauti hushuka. Kupanda na kushuka huko ndiko kidatu. Leo tuulize jambo ambalo wapiga gitaa hukutana nalo kila siku: sauti idumu muda gani ndipo sikio likamate kidatu chake?

Ukipita mtaa wa Mabanga, hapa Goma, asubuhi utawakuta watu wameketi kando ya mafungu ya mawe ya volkano, wanayaponda kwa nyundo wapate kokoto za ujenzi. Sikiliza pigo moja. Utajua ni jiwe, pengine utajua hata kama ni zito au limejaa matundu. Lakini mwombe mpiga gitaa akutafutie noti ya pigo hilo, atahangaika, maana limekufa papo hapo. Uzi wa gitaa, ukiguswa, huendelea kutetema, na noti yake haina ubishi.

Kidatu ni hesabu ya mitetemo, na hesabu haifanyiki pasipo muda. Chukua sauti ya mitetemo 1000 kwa sekunde, uikate ibaki milisekunde 3: utasikia "tk" tu. Irefushe ifike milisekunde 10 hivi, kidatu kinaanza kujitokeza. Ya mitetemo 50 kwa sekunde ni mvivu zaidi. Inadai kama milisekunde 60, yaani mitetemo mitatu mizima. Sauti nene hudai subira kuliko nyembamba.

Wala tusililaumu sikio. Mwaka 1946 Dennis Gabor, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest, alionyesha kwamba mpaka huu umo ndani ya sauti yenyewe: kadiri unavyoifupisha, ndivyo nguvu yake inavyotawanyika juu na chini ya noti uliyoikusudia. Sikio, kwa kweli, linastahili heshima. Mwaka 2013 Jacob Oppenheim na Marcelo Magnasco wa Rockefeller University, New York, waliwapima wasikilizaji, wengi wao wanamuziki, wakakuta kwamba baadhi yao hupambanua muda na kidatu kwa pamoja kupita mpaka huo, ambao mashine zinazochambua sauti kwa hesabu ya kawaida haziwezi kuuvuka.

Sasa tuingie kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala. Mpiga solo akimwaga noti 12 kwa sekunde, kila noti hupata milisekunde 83. Kwenye uzi mwembamba wa gitaa, wenye mitetemo 330 kwa sekunde, hapo mna mitetemo 27, sikio limeshiba. Mpe mwenye besi mwendo uleule kwenye uzi wake mnene, wa mitetemo 41: anapata mitatu na kidogo, na akiuzima kwa kiganja hata hiyo haitimii. Kinachomwokoa ni sauti ndogondogo za juu ambazo uzi huzitoa pamoja na ile nene; sikio huzishika hizo kwanza. Kwa hiyo nawasihi vijana wanaopiga besi kwenye kwaya zetu: mnaposhuka chini kabisa, iacheni noti iishi. Mbio mwachieni solo.

Kuna sauti nene kuliko besi yoyote, na inatoka hapa hapa. Nyiragongo, mlima wa volkano uliolipuka tarehe 22 Mei 2021, hutoa mawimbi ya hewa yaliyo chini ya mitetemo 20 kwa sekunde. Sisi hatuyasikii, vyombo vya wachunguzi wa volkano vinayanasa. Vyombo navyo vinabanwa na sheria ileile. Tuseme wimbi moja linachukua sekunde 2, jingine sekunde 2 na nusu. Katika sekunde mbili za mwanzo huwezi kuyatenganisha kwa uhakika. Yafuate kwa sekunde 10, la kwanza litakuwa limetetema mara 5, la pili mara 4.